Maganda ya mihogo: kiwanda kidogo kinawezekana, swali ni nani atakishika

Zambia ikikosa mvua, Lubumbashi inakosa usingizi. Februari 2024 serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa na kubana mahindi yasivuke mpaka. Upande wa Haut-Katanga, ambako bukari ya familia nyingi inatokana na mahindi hayo, unga ukawa mazungumzo ya kila nyumba. Lakini kuna mlaji mwingine wa mahindi asiyetajwa sana: kuku. Mfugaji wa kuku wa mayai anagombania mfuko uleule na mama mwenye watoto.

Hapo ndipo maganda ya mihogo yanapoingia. DRC ni miongoni mwa nchi zinazovuna mihogo mingi zaidi duniani, zaidi ya tani milioni 40 kwa mwaka kwa hesabu za FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Mizizi inakuwa unga, majani yanakuwa sombe, na maganda yanatupwa nyuma ya nyumba. Mbuzi wanakula kidogo, mengine yanaoza.

Watafiti wa taasisi za IITA na ILRI mjini Ibadan, Nigeria, wameonyesha kwamba maganda hayo yanaweza kuwa chakula cha mifugo kwa muda wa siku moja hivi, bila kungoja jua la siku tatu. Maganda mabichi yanachambuliwa, yanakwanguliwa kwa mashine ileile ya mihogo, yanatiwa ndani ya mifuko na kukamuliwa kwa jeki mpaka maji yatoke, kisha yanachekechwa na kuanikwa. Kazi hiyo inapunguza pia sumu ya sianidi, ambayo imewafanya wafugaji wengi wayaogope maganda. Tani 3 za maganda mabichi zinatoa karibu tani 1 kavu. Unga laini ni wa kuku, nguruwe na samaki. Chenga ni za mbuzi na ng'ombe.

Wataalamu wanakiita kiwanda cha aina hiyo biorafineri: kinapokea mmea na kuugawa vipande, kila kipande na mnunuzi wake. Ulaya wanafanya hivyo kwa nyasi. Nchini Ireland, mradi wa Biorefinery Glas, ulioshirikisha vyama vya ushirika vya wakulima, ulikamua nyasi mbichi. Makapi yalilishwa ng'ombe wa maziwa, na protini iliyotolewa kwenye maji ya nyasi ikalishwa nguruwe mahali pa soya inayonunuliwa nje. Mtambo ulisogezwa karibu na shamba, maana sehemu kubwa ya nyasi mbichi ni maji, na hakuna anayepata faida kwa kusafirisha maji.

Somo hilo lina uzito zaidi Congo. Nigeria, mihogo mingi inamenywa katika vituo vya kutengeneza garri, kwa hiyo maganda yanajikusanya yenyewe. Vijijini Congo, kila mama anamenya kwake, au kando ya maji anakolowekea. Maganda ni kama asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa muhogo. Kupata tani 1 ya chakula kikavu kunadai kumenya tani 15 hadi 30 za mizizi. Kwa mavuno ya wastani ya Congo, takribani tani 8 kwa hekta, hiyo ni hekta 2 hadi 4. Kwa kijiji kizima si kitu. Kwa mtu anayepita nyumba kwa nyumba na kikapu kichwani, ni mzigo usiobebeka, na maganda mabichi hayangoji.

Ndiyo maana mashine inayoletwa kwa ajili ya maganda peke yake haitalipa hata mafuta yake. Umeme wa SNEL haufiki vijiji vingi, kwa hiyo injini ni ya dizeli, na dizeli ikipita barabara mbovu inafika kwa bei ya dawa. Inayoweza kuishi ni ile inayokwangua kwanza mihogo ya watu, kwa malipo, kisha maganda yaliyobaki palepale. Maji yaliyokamuliwa nayo yanahitaji shimo au mtambo wa gesi. Yakimwagwa mtoni, yanawafikia wanaochota chini.

Jambo gumu kuliko mashine ni bei. Leo ganda ni bure, na kwa desturi ni la mwanamke aliyemenya. Siku litakapopata bei, litapata na bwana. Mashine ikiwa ya mfanyabiashara mmoja, yeye ndiye atakayepanga bei ya ganda na bei ya chakula cha kuku, na wanakijiji watabaki kumenya. Sheria ya ushirika ya OHADA, inayotumika DRC tangu nchi ijiunge na umoja huo mwaka 2012, inaruhusu ushirika kuanza na watu 5 tu. Akina mama watano wanaomenya pamoja wanatosha kisheria. Wanachokosa ni mkopo wa kununulia mashine na mtu wa kuwafundisha daftari la hesabu.

Serikali imependa zaidi njia nyingine. Shamba la Bukanga-Lonzo, hekta 80.000, lilizinduliwa mwaka 2014 kulisha Kinshasa. Limeishia Mahakama ya Katiba: Mei 2025 waziri mkuu wa zamani Augustin Matata Ponyo alihukumiwa miaka 10 ya kazi ngumu kwa ubadhirifu, mashtaka aliyoyakanusha. Kwa sehemu ndogo tu ya fedha zile, jeki na mashine za kukwangua zingejaa vijijini. Zisingepigiwa picha nyingi siku ya kuzindua, labda ndiyo sababu.

Kusini kuna nafasi ya kujaribu, kwa kuwa mnunuzi yupo: wafugaji wa kuku wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mashariki ni vigumu zaidi. Mihogo ipo, lakini tangu M23 iteke Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, mzigo unaovuka mstari wa mapigano una gharama zisizohesabika mapema. Huko ganda litafaa tu likiliwa na kuku wa kijiji kilekile.