Alama ya Maji Ibebe Tarehe

Januari, maji yalipokatika mtaani kwetu kwa siku ya nne, nilifungua ramani kwenye simu nikagusa alama ya kioski cha karibu. Kikafunguka kijisanduku: kioski kinafanya kazi, ndoo Sh 50, na chini yake namba ya mwenyekiti wa kamati. Nikabeba madumu mawili, mwanangu nyuma, tukatembea robo saa kwenye jua la saa saba.

Mlango ulifungwa kwa mnyororo ulioliwa na kutu. Koki ilikwisha kung'olewa, tundu lake limezibwa kwa kijiti. Mama anayekaanga mihogo pembeni akatuonea huruma. "Dada, hiki? Huyu wangu yuko darasa la pili, hajawahi kukiona kikitoa maji." Nikapiga ile namba. Haipatikani.

Usiku nikazigusa alama nyingine mbili. Vioski vyote vitatu ni vya kamati moja. Alama moja ilikuwa na namba mpya, na nilipopiga ikapokelewa papo hapo. Mbili zilibaki na ile mfu. Namba ileile ilikuwa imeandikwa mara tatu, kila alama na yake, na aliyesahihisha alisahihisha pale alipopaona.

Kwa hiyo nawaomba wanaotengeneza ramani hizi: habari za kamati, yaani simu, bei na saa za kufungua, ziandikwe mara moja tu, kwenye jedwali la kamati. Alama ibebe utambulisho wa kamati yake, na kijisanduku kikifunguka kichote humo. Mwenyekiti akibadilisha laini, mstari mmoja ukirekebishwa, vioski vyote vinapata namba mpya. Lakini hali ya koki isichangiwe. Kamati inaweza kuwa hai huku kioski chake kimoja kikiwa kikavu miaka saba. Hali ni ya kioski chenyewe, na ikae na siku ilipokaguliwa.

Hiyo tarehe ndiyo inayoniuma, kwa sababu mara nyingi ipo, ila haionyeshwi. Takwimu za vituo vya maji vya Tanzania, zilizokusanywa zaidi kati ya 2011 na 2013, zina safu ya tarehe kwa kila kituo. Katika vituo 59,400 vilivyowekwa wazi pamoja na hali yake, 22,824 havikuwa vikifanya kazi hata wakati huo. Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, huhifadhi siku ya kila badiliko. Basi anayechukua takwimu kama hizi akazimwaga kwenye vijisanduku bila tarehe amemnyima msomaji kitu ambacho tayari kilikuwa mkononi mwake.

Nawaheshimu sana waliozikusanya. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita mitaani kwa miguu, mfereji kwa mfereji, wakiandika yale ambayo picha ya angani haiwezi kuyaona. Kazi ya namna hiyo ni ya siku ile ilipofanyika. Ukiifuta tarehe, unamfanya kijana aliyeandika kweli aonekane mwongo baada ya miaka kumi.

Mstari wa kwanza wa kijisanduku, kabla ya picha na kabla ya bei, useme kilikaguliwa lini. Nawe msomaji, ukikuta koki kavu, usiishie kulalamika kwa jirani. Hariri alama, au mpelekee habari anayeweza kuihariri.

Cha mtaani kwetu nimekwisha kukibadilisha. Sasa kinasomeka: "Hakitoi maji. Kimekaguliwa Januari 14."