Muziki Darasani: Tuitazame Kazi Kwanza

Miongoni mwa maswali yazukayo kila mara wanachuo warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha ni hili: je, yafaa mwalimu awafungulie wanafunzi muziki wa redio au wa simu huku wakifanya kazi zao darasani? Wako wasemao kwamba muziki huchangamsha watoto na kutuliza kelele. Wako wengine wauonao kuwa ni anasa isiyo na mahali shuleni. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zauzungumzia muziki bila kuitazama kazi yenyewe.

Tuanze na mambo tuyajuayo. Wakulima wa Kisukuma wamelima kwa vikundi, kwa nyimbo na ngoma, tangu zamani. Bugobogobo, ngoma ichezwayo kwa majembe, ni ushahidi wa hayo. Wavuvi nao huvuta nyavu kwa wimbo. Hapo wimbo huunganisha nguvu za watu wengi ziwe pigo moja, na husahaulisha uchovu. Lakini tuzingatie kwamba jembe halihitaji maneno. Mkono walima, ulimi waimba, wala havigombani.

Kusoma ni kazi ya namna nyingine. Mtoto wa Darasa la Pili asomapo hutamka moyoni, na mara nyingi midomo yake huonekana ikicheza. Humbidi aishike silabi ya kwanza akilini mpaka aifikie ya mwisho, ndipo neno lipate maana. Maneno ya wimbo yaingiapo sikioni wakati huo, hugombea mahali pale pale alipoziweka silabi zake. Mwaka 1989 wanasaikolojia Salamé na Baddeley walionyesha kwamba muziki wa kuimbwa huvuruga kumbukumbu ya muda mfupi zaidi ya muziki wa ala peke yake. Mwaka 2011 Perham na Vizard walikuta kwamba watu walikumbuka mfuatano wa herufi vibaya zaidi penye muziki kuliko penye kimya, hata muziki huo ulipokuwa ule waupendao. Kwa hiyo hoja ya kwamba “watoto wanaupenda” haitoshi.

Wengine hutaja habari za Mozart. Ni kweli kwamba mwaka 1993 Rauscher na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba wanafunzi wa chuo waliosikiliza muziki wake kwa dakika 10 walifanya vizuri zaidi katika maswali ya maumbo. Lakini faida hiyo ilitoweka baada ya robo saa hivi. Tena, walisikiliza kabla ya kazi, si wakati wa kazi. Nao walikuwa watu wazima, si watoto wanaojifunza kusoma. Kulitumia jaribio hilo kutetea redio katika Darasa la Pili ni kulibebesha mzigo usio wake.

Huenda mwanachuo akauliza: nifanyeje na darasa la watoto themanini wenye kelele? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, darasa lililonyamaza ili kusikiliza wimbo si lazima liwe linasoma. Mtoto aliyekwisha kuimudu kusoma aweza kustahimili muziki. Anayeunganisha silabi kwa shida, au asiyesikia vizuri, ndiye atakayeumia, na ndiye tunayemwogopea kufika upimaji wa Darasa la Nne bila kujua kusoma.

Basi twashauri haya. Wakati wa kusoma, imla, insha na hesabu za kichwa, pawe kimya. Wakati wa ufinyanzi, ususi, uchoraji na kazi za bustani, wimbo na uwepo. Na ulio bora ni ule waimbao watoto wenyewe, kwani hauhitaji umeme wala betri. Kabla ya somo gumu, wimbo mfupi wa kuamsha darasa wafaa sana. Ama wimbo wa kuhesabu au wa kujifunza herufi, huo wenyewe ndio kazi, wala haumo katika mjadala huu. Mwalimu aandike katika andalio la somo ni wimbo gani, wakati gani na kwa kusudi gani. Akikosa la kuandika, asiufungulie.

Hatuombi tuaminiwe kwa kuwa sisi ni wakufunzi. Mwanachuo na achague habari mbili zilizo sawa kwa urefu na ugumu, na kila moja aitungie maswali 10. Siku ya kwanza, nusu ya darasa isome habari moja penye muziki, na nusu nyingine isome habari hiyo hiyo penye kimya. Siku ya pili, saa ile ile, makundi yabadilishane kwa habari ya pili. Kisha alinganishe alama, akianza na za wale watano walio nyuma kabisa, kwa kuwa hao ndio wamhitajio mwalimu kuliko wengine wote.