Upele Si Uchafu

Wahenga walisema upele hupewa asiye na kucha. Sisi kucha tunazo, tena ndizo zinazotuumiza, maana kujikuna huchana ngozi ikatunga usaha.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alikuwa akijikuna vidoleni. Darasa zima likamcheka, hakuna aliyetaka kukaa naye. Wiki mbili hakuja shule. Nami nilicheka, na najuta. Mwezi uliofuata nikawa najikuna mimi, wala si kwake niliupata, ni kwa mdogo wangu nyumbani.

Upele haumchagui mchafu. Huletwa na kidudu kidogo mno kinachochimba ngozi na kutaga mayai humo. Huwasha zaidi usiku, baina ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Huku kwetu Likoni, Kisauni na Changamwe wengi twalala watatu kitanda kimoja. Kidudu chahama tu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka upele katika magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa.

Dawa ya kupaka ipo. Lakini nyumba nzima mpake siku moja, na shuka zifuliwe kwa maji moto, la sivyo ni kutwanga maji kwenye kinu. Msibahatishe krimu za dukani. Ukiona usaha, homa, au baka lisilosikia ukiligusa, usingoje, nenda hospitali, iwe Port Reitz ama Mlaleo. Baka hilo laweza kuwa ukoma, nao hutibika.

Maoni yangu ni haya: mwenzako akijikuna usimcheke, mwelekeze kwenye dawa. Leo ni yeye, kesho ni wewe.