Tele ya zamani haikuwa safi, ilikuwa ya bote

Mjini Lubumbashi malalamiko ni yale yale, iwe kwenye kilio, iwe kwenye ndoa: «Zamani tele ilikuwaka ya heshima, leo batoto banaharibika.» Sisi hatukubali. Si kwamba tunafurahia yanayoonyeshwa leo. Tunasema tu kwamba wanaolalamika wanalilia kitu ambacho hakikuwepo, na kile kilichokuwepo kweli wanakiacha kipotee.

Hebu tukumbuke vizuri. Katika miaka ya 80 televisheni ilikuwa ya Serikali, OZRT. Habari zilitanguliwa na uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni kama malaika, na animasio ya MPR haikuwa mbali. Hiyo njo heshima? Na michezo ya Mufwankolo na kundi lake, tuliyoipenda sote, ilijaa nini? Walevi, wezi, wakubwa wenye tamaa, mabwana na deziemu biro zao. Baba alikuwa akikohoa, anamtuma mtoto akalete maji, na kiu yenyewe hana.

Basi uzuri ulikuwa wapi? Kwanza ulikuwa katika lugha. Wachezaji hawakusoma karatasi: walikubaliana juu ya kisa, wakagawana nafasi, halafu kila mmoja akasema kwa kinywa chake, Kiswahili ya kwetu, ile ya sokoni na ya kambi za Gécamines, ile ambayo shuleni tuliambiwa ni mbovu. Nkambo asiyejua Kifaransa na mjukuu wa sekondari walicheka kwa neno moja, kwa wakati mmoja. Tena tele moja ilihudumia parsele nyingi. Mwenye nayo alifungua mlango, majirani wakaja na viti vyao, na mchezo ukiisha mabishano yalianza: nani alikosa, bwana ao bibi? Batoto walisikiliza wakubwa wakikata kesi ya watu wasiokuwepo. Hiyo ilikuwa baraza, na ndiyo tuliyoipoteza.

Mwaka 1986 kundi hilo lilitengeneza mchezo juu ya madaraka, «Le pouvoir se mange entier», ukarekodiwa kwa televisheni katika kijiji cha Kawama. Kucheza kisa cha chifu na utawala wake, wakati wa chama kimoja! Leo anayetafuta maneno yake aende wapi? Kwenye kitabu cha mtaalamu Johannes Fabian kilichochapwa Wisconsin, Marekani, mwaka 1990. Tunamshukuru sana. Lakini ni haya kwetu: mtoto wa komine ya Kenya ao ya Katuba akitaka kujua wazee wake walisema nini, afuate Wisconsin.

Baada ya 1990 vituo vya binafsi viliota, na hakuna kati yetu anayetaka kurudi kwenye mawingu yale. Ila vingi viligeuka sauti ya mwanasiasa mwenye mali, na saa zilizobaki zikajazwa hadithi za ng'ambo zilizotiwa Kifaransa. Ni rahisi kununua machozi ya Mexico kuliko kulipa wachezaji wa hapa. Nyumbani nako, wenye uwezo wameweka tele sebuleni, nyingine chumbani, na kila mtoto simu yake. Umeme wa SNEL ukikatika, kila mtu anamalizia batri yake peke yake. Kisha baba huyo huyo analalamika kwamba mtoto hasikii Kiswahili. Angeisikia wapi?

Kwa hiyo, ba baba na ba mama, tuache kudai tele «safi». Tudai saa moja ya mchezo kwa Kiswahili yetu, kila juma, na wachezaji walipwe. Siku hiyo simu zikae kando, jirani aitwe, tubishane mpaka usiku. Na mwenye kaseti za VHS za michezo ile ndani ya kabati azitoe sasa, zinakiliwe: ukungu unazila, na mashine za kuzichezesha ni shida kuzipata.