SELI SHINA SI HIRIZI

Kijana anafukiwa na kifusi katika shimo la dhahabu Nyamongo, wilayani Tarime. Mwenzake anaanguka na pikipiki karibu na Mugumu, wilayani Serengeti. Wote wameumia uti wa mgongo. Miguu haina habari. Haupiti muda, mchuuzi wa matumaini anabisha hodi: uzeni ng'ombe, mpelekeni ng'ambo akachomwe sindano ya seli shina, atarudi akitembea.

Huo ni unyonyaji, tena mbaya kuliko wote, maana unamnyonya mtu aliyelala.

Ukweli ni huu. Seli shina ni chembe za mwili zenye uwezo wa kugeuka chembe za aina nyingine. Mwaka 2010 kampuni ya Geron ya Marekani ilianza kuzijaribu kwa waliopooza. Mwaka 2011 ikaacha kwa sababu ya hesabu za fedha. Huo ndio ubepari. Machi 2025, Chuo Kikuu cha Keio, Japani, kilitangaza matokeo ya wagonjwa wanne: wawili walipata nafuu, wawili hawakupata nafuu ya maana. Tena wote walipandikizwa kabla mwezi haujaisha tangu waumie. Je, aliyelala miaka mitano anauziwa nini?

Hatuipingi sayansi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kupandikiza uloto, wenye seli shina za damu, kwa watoto wenye selimundu. Wataalamu wetu wawezeshwe kushiriki na utafiti wa uti wa mgongo, tusibaki soko la wenzetu.

Lakini waliopooza vijijini hawauawi na ukosefu wa seli shina. Wanauawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Kinga yake ni kugeuzwa kila baada ya saa chache, mpira safi wa mkojo, godoro linalofaa na kiti cha magurudumu. Na madhara mengine tunayaongeza wenyewe, tunapompakia majeruhi mshikaki kwenye bodaboda badala ya kumlaza juu ya ubao ulionyooka.

Kwa hiyo halmashauri za Tarime na Serengeti zitenge fedha za vifaa hivyo. Kila balozi wa shina awe na ubao wa kubebea majeruhi, na awajue waliopooza katika nyumba zake.

Seli shina za maabara zitakuja kwa wakati wake. Mashina ya Chama yapo leo. Yafanye kazi!