Tusidese Vipimo

Leo nina ugomvi na sisi wenyewe. Kila mwaka wageni wetu wakifika kutoka nyumbani, tunawapokea vizuri: ugali, koti la baridi, na faili la ripoti za maabara za mwaka uliopita. Ugali na koti, sawa. Hilo faili ndilo ninalolipinga.

Nasema hivi kwa sababu na mimi nilidesa. Zoezi lilikuwa kupima presha ya mvuke wa ethanoli, pombe ile ile iliyomo kwenye gongo na chang'aa. Unaitia kwenye chupa, unapunguza hewa kwa pampu, unapasha moto taratibu, na kwa kila presha unaandika joto ambalo inachemka. Kipimo cha nne nikachoka. Vilivyobaki nikavitoa kwenye faili. Cha mwisho, chupa ikiwa wazi bila pampu, niliandika nyuzi 78.4, kilopaskali 101.3. Namba safi, ya kitabuni kabisa.

Msimamizi akaitazama, kisha akanionyesha barometa ukutani. Siku ile hewa ilikuwa kilopaskali 98.9. Chupa iliyo wazi haiwezi kuwa na presha kuzidi ya chumba! Ethanoli ilitakiwa ichemke kwenye nyuzi 77.8 hivi. Njia ya mwongo ni fupi, jamani. Sikupata hata maksi moja, na aibu ile sijaisahau.

Mtu atasema, "Si zoezi tu bwana, majibu yanajulikana." Kweli yanajulikana. Kwenye nyuzi 20 presha ya mvuke wa ethanoli ni kama kilopaskali 6; kwenye nyuzi 60 ni kama 47, karibu mara nane. Lakini hakuna aliyekutuma ugundue namba hizo. Umetumwa ujue kinachoharibu kipimo. Ukisahau kutia vipande vya kauri, ethanoli hupita joto lake bila kuchemka, halafu hufumka ghafla na themometa inakudanganya. Aliyedesa atayajulia wapi hayo?

Na kesho huyo huyo ndiye atakayepewa kazi ya matangi ya mafuta Dar es Salaam au Mombasa, yanayoshinda juani, valvu ya kutolea presha ikitegemea namba aliyoandika yeye. Huko kosa halisahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Pendekezo langu: chama kiache kugawa mafaili hayo. Badala yake, kabla ya kila zoezi, wakongwe wawili watatu wakae na wageni wawaeleze vifaa vinavyofanya kazi. Kwa watu wa uhandisi, mimi nipo. Na kipimo kikikataa kukaa kwenye mstari wa grafu, kiandikeni hivyo hivyo, na sababu yake. Mtapoteza maksi mbili tatu, lakini kazi itakuwa yenu.