MLANGO USIOULIZA JINA

Iko hatari moja isiyo na kelele wala bunduki, nayo imo ndani ya mitambo ituleteayo maji, umeme na kazi. Twataka ieleweke kwa kila mwananchi, si kwa mafundi peke yao.

Siku hizi nyuma ya kila mtambo mkubwa imo programu ya kompyuta inayouamuru uwake lini na uzime lini. Programu hiyo hutunza faili zake: maagizo ya mashine, hesabu za kazi, hata maneno ya siri. Ni sawasawa na ofisi ya mkuu wa kiwanda pamoja na kabati lake. Je, ofisi hiyo ikimfungulia kila agongaye, bila kumwuliza jina wala shauri lililomleta, tutasema ina mlinzi?

Hatubuni jambo. Machi 2023 zilitangazwa kasoro katika programu ya ThinManager ya kampuni ya Rockwell Automation ya Marekani, ambayo viwanda huitumia kusimamia skrini wanazotazama wafanyakazi penye mashine. Waliozigundua ni wachunguzi wa kampuni ya Tenable. Mtu aliyeweza kuifikia seva yake kwa mtandao, pasipo neno la siri, aliweza kuchukua faili zilizomo. Kwa kasoro nyingine aliweza kuweka faili zake mwenyewe mahali pa zile za programu, na hivyo kuifanya kompyuta itii amri zake. Kasoro hiyo ilipewa alama 9.8 katika kipimo kinachoishia 10.

Ujanja wenyewe ni mdogo mno. Seva hupokea jina la faili inayotakiwa. Mgeni akitanguliza nukta mbili na mkwaju, maana yake ni: toka chumba hiki, nenda cha juu. Akirudia mara kadhaa, amefika kila pembe ya nyumba. Programu ilipaswa kulikagua jina lile, haikulikagua. Ilipaswa kuuliza, "Wewe nani?" Haikuuliza. Kampuni ilitoa masahihisho, lakini Agosti mwaka ule ule zikatangazwa kasoro nyingine katika seva hiyo hiyo, mojawapo ikimwezesha mgeni kufuta faili.

Wako watakaosema: hayo ni ya Marekani, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mitambo ya namna hii huuzwa dunia nzima, na anunuaye mtambo hununua na kasoro zake. Julai 2021 kompyuta za Transnet, shirika la bandari na reli la Afrika Kusini, zilishambuliwa. Hatusemi kuwa mlango ulikuwa ule ule; twataja matokeo. Kazi ya makontena ilivurugika Durban na Cape Town kwa siku kadhaa. Bandari ikisimama, aumiaye ni dereva aliye foleni na mwenye shehena, wala si aliyeiandika programu.

Basi, twadai mambo matatu.

Kwanza, kila anayeununulia umma mitambo aandike katika mkataba kwamba programu haitamfungulia mtu asiyejulikana, na kwamba muuzaji ataleta masahihisho muda wote mtambo ufanyapo kazi.

Pili, kompyuta za mitambo zitengwe na intaneti, na masahihisho yakitoka yatiwe. Twajua mtambo hausimamishwi ovyo. Lakini siku ipangwe, na ikipangwa isiahirishwe.

Tatu, wafanyakazi wafunzwe. Novemba 2023, huko Aliquippa, Pennsylvania, kifaa kinachoendesha kituo cha pampu za maji kilitekwa. Vifaa vya aina hiyo wakati ule vilikuwa vikitoka kiwandani na neno la siri 1111, ambalo mtoto wa shule angelikisia. Wafanyakazi walikizima, wakaendesha pampu kwa mikono, na watu hawakukosa maji. Maarifa yale ndiyo yaliyowaokoa.

Kila mwanachama afanyaye kazi penye mitambo ya umma amwulize mkuu wake swali moja: ufunguo wa mlango huu anao nani? Asipopata jibu, aulize tena, na tena mkutanoni. Taifa lisilojua nani aingia katika mitambo yake halijawa bwana wa mitambo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.